Kabla hujauza redio ya babu, sikiliza kanda zake

TUNDUMA. Anayefika Tunduma kwa mara ya kwanza hupokewa na malori. Yanaanza kuonekana kabla ya mji wenyewe, yamejipanga upande mmoja wa barabara kuu iendayo Zambia, na madereva wamekaa kwenye kivuli cha matela, wengine wakichemsha chai kwa jiko dogo la gesi. Mbele yao ni kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Oktoba 2019, na ng'ambo ya pili ni Nakonde. Katikati wapo wabadilisha fedha wenye mabunda ya kwacha na shilingi, akina mama wauza mahindi ya kuchoma, bodaboda, na muziki. Kila duka lina muziki wake, na hakuna anayempunguzia jirani sauti.

Kwenye mtaa mmoja wa mji huu kuna kibanda cha fundi redio. Meza yake imejaa sabufa zilizopasuka, flati skrini zisizowaka na rimoti zisizo na mifuniko. Lakini kwa miezi kadhaa sasa, wateja wanaofuata vitu vyao huishia kuulizia kitu kimoja kilicho kwenye rafu ya juu: sanduku la kijivu, ukubwa wa begi la shule, lenye mshikio wa kubebea na magurudumu mawili ya plastiki upande wa juu. Vijana hudhani ni mashine ya kupimia kitu hospitalini. Wenye miaka 60 na kuendelea hulitambua mara moja. Wengine hucheka, wengine huomba walishike kidogo.

Ni tepurekoda ya magurudumu, aina ya Philips, inayotumia betri. Jinsi ilivyofika kwenye rafu hiyo, na kwa nini haiuzwi, ni habari inayoihusu kila nyumba yenye boksi la zamani juu ya kabati.

Mashine ya kabla ya kaseti

Mzazi wa leo anaikumbuka kaseti, ile aliyokuwa akiirudisha nyuma kwa kalamu ili asimalize betri. Kaseti hiyo ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Kabla yake, na kwa miaka mingi sambamba nayo, kanda ilikaa wazi, imeviringishwa kwenye gurudumu liitwalo rili. Ulivuta ncha ya kanda kwa mkono, ukaipitisha mbele ya hedi, ukaifunga kwenye rili tupu ya upande wa pili, kisha ukabonyeza kitufe. Rili moja ilipungua huku nyingine ikinenepa.

Mashine ya kwanza ya namna hii kuoneshwa hadharani ilitengenezwa na kampuni ya AEG ya Ujerumani mwaka 1935. Siri yake ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Kanda ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa kutu ya chuma. Hedi ni sumaku ndogo ya umeme. Mtu anapozungumza, sauti hugeuzwa kuwa umeme, umeme huitingisha sumaku, na sumaku huzipanga chembe za kutu kwa mpangilio wa sauti ile. Ukirudisha kanda mbele ya hedi, chembe zile huizalisha sauti upya.

Nje ya nchi mashine hizi zimepata wapenzi wapya. Kuna watu wanaozitafuta kwa bei kubwa, wanazisafisha, wanabadilisha mipira na mota, na kiwanda kilichopo Avranches, Ufaransa, bado kinatengeneza kanda mpya kwa ajili yao. Huko ni burudani ya watu wazima wenye sebule pana. Songwe, hata hivyo, mashine ya namna hii hukutwa juu ya dari au chini ya kitanda cha marehemu.

Barabara ya kwenda Vwawa

Ile ya Tunduma ilikutwa Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ukitoka Tunduma unapita Mpemba na Ihanda, mahindi kulia na kushoto, reli ya Tazara ikijitokeza na kujificha, mpaka hewa inapoanza kuwa ya baridi na mibuni inapoanza kuonekana kuzunguka nyumba. Ukiendelea upande wa Mbeya unafika Mlowo, na huko ndiko kuna njia ya kwenda Ndolezi kukiona kimondo cha Mbozi, pande la chuma linalotajwa kuwa na uzito wa tani 12. Shule nyingi za mkoa huwapeleka watoto kukishika. Chuma hicho kimenyeshewa mvua kwa karne nyingi na bado kipo. Chuma kilichopakwa kwenye kanda hakina subira hiyo.

Familia yenye mashine inaishi pembeni ya mji wa Vwawa na imeomba majina yake yabaki nyumbani. Babu, aliyefariki miaka ya karibuni, alikwenda ujanani kufanya kazi kwenye migodi ya shaba ya Zambia, kama walivyofanya vijana wengi wa Mbozi na Unyamwanga wa kizazi chake. Wenzake walirudi na baiskeli, mablanketi na cherehani. Yeye alirudi na cherehani na sanduku la kijivu.

Baada ya msiba, sanduku lilibaki chumbani kwa bibi pamoja na mkebe wa bati wenye kanda saba ndogo. Kila kanda ilikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa penseli: MNA 2, MNA 3, MNA 7, na kuendelea. Wajukuu waliisoma "mna" kama neno la kawaida, wakawa wanataniana: mna nini humo ndani? Hakuna aliyejibu, kwa sababu mashine haikuwa inazunguka.

Mwanzoni mwa mwaka, mjukuu mkubwa, ambaye ni utingo wa malori ya masafa marefu, alirudi na habari njema. Kuna mtu anatafuta redio za zamani za kupamba ukumbi wa starehe. Alikuwa tayari kulipa fedha ambayo ingetosha godoro, sare na nauli ya binti wa nyumba hiyo aliyekuwa anaanza kidato cha kwanza bweni. Sharti lake lilikuwa moja tu: apewe na zile kanda, kwa kuwa rili mbili juu ya mashine hupendeza zaidi zikiwa na kanda.

Bibi hakukataa kuuza. Alisema kwamba mtu huwa hauzi gunia bila kulifungua.

Lami nyeusi badala ya mpira

Ndipo sanduku lilipofika kwa fundi wa Tunduma. Alipofungua mfuniko wa chini alikuta mpira unaozungusha magurudumu umeyeyuka na kuwa kitu kama lami. Hilo ni jambo la kawaida kwa mashine za umri huo. Mpira wa zamani huoza wenyewe hata kama mashine haitumiki. Sehemu ya betri ilikuwa imeota ukungu wa kijani. Fundi alisugua lami kwa spiriti na pamba kwa siku mbili, akasafisha hedi, akachukua mpira kutoka kwenye deki mbovu ya kaseti na kuufunga.

Mashine ilizunguka, na sauti ya kwanza kutoka ilikuwa ya mwanamume mwenye sauti nyembamba, anayezungumza haraka kama anayekimbizwa. Mjukuu aliirekodi kwa simu na kumpelekea bibi. Jibu lilirudi siku hiyohiyo: huyo si mzee. Mzee alikuwa na sauti nzito.

Fundi alielewa kosa liko wapi. Mpira aliouweka haukuwa na kipimo sawa na wa awali, hivyo mota ilivuta kanda kwa kasi kuliko ilivyorekodiwa, na kanda ikikimbia sauti hupanda. Alitafuta mpira mwingine, akajaribu tena na tena, kila mara akituma kipande kidogo Vwawa. Mara ya nne bibi alinyamaza, kisha akaomba arudishiwe kipande kilekile.

Kipimo cha kasi, kwa hiyo, kilikuwa sikio la mke.

MNA ni nini

Kanda zilipoanza kusikika, herufi tatu zikajieleza. MNA ilikuwa Mtu ni Afya.

Mzazi kijana huenda hajawahi kuisikia kampeni hiyo, lakini wazee wake wanaijua. Mwaka 1973 Tanzania ilifanya mafunzo ya afya kwa njia ya redio kwa nchi nzima, yakiratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kwa wiki 12 watu walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, wakajadili, halafu wakaamua watafanya nini. Masomo yalikuwa malaria, minyoo ya safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Watu karibu milioni 2 walishiriki. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yalifukiwa, vichaka vilifyekwa kuzunguka nyumba. Miaka miwili baadaye ikafuata kampeni nyingine ya lishe, Chakula ni Uhai, kwa njia ileile.

Babu alikuwa kiongozi wa kikundi. Wapo waliokosa kipindi kwa sababu ya shughuli za shamba, naye alikuwa na mashine, hivyo aliwarekodia. Hakuwa na waya wa kuunganisha redio na tepurekoda. Aliweka maikrofoni mezani mbele ya redio, akawasha, akaacha.

Kwa sababu hiyo, kilichorekodiwa si redio peke yake. Mtangazaji anasikika kwa mbali, anazama kwenye mikwaruzo, anaibuka tena. Kinachosikika vizuri ni chumba. Kiti kinavutwa. Mtu anakohoa. Kipindi kinapoisha, babu anaanza kueleza upya kwa Kinyiha, na watu wanauliza maswali kwa Kinyiha: choo kichimbwe mbali kiasi gani na kisima, na je, mtoto mdogo asiyeweza kukitumia afanyweje. Mwanamke mmoja anabishana naye mpaka wote wanacheka.

Lugha ambayo redio haikuwa nayo

Hapo ndipo thamani ya mkebe ule inapoanza kuonekana.

Utangazaji wa redio Tanganyika ulianza Dar es Salaam mwaka 1951. Mwaka 1965 serikali iliuchukua, ikaundwa Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo wengi wanaikumbuka kwa kifupi cha RTD. Ndani ya studio zake, kwenye barabara ambayo sasa ni ya Nyerere, zilirekodiwa hotuba za Mwalimu, ngoma za mikoani na nyimbo za bendi kama Western Jazz, Nuta Jazz na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Zote zilikwenda kwenye rili. Maktaba hiyo ya kanda ipo mpaka leo chini ya TBC, na miaka ya 2010 ulizaliwa mradi wa Tanzania Heritage Project uliolenga kusaidia kuzihamishia kwenye kompyuta kabla hazijaharibika.

Lakini RTD ilizungumza Kiswahili, na kwa sehemu Kiingereza. Hiyo ndiyo iliyokuwa sera, na ndiyo iliyotupa lugha moja ya taifa. Ng'ambo ya mpaka, redio ya Lusaka ilitangaza kwa lugha kadhaa za wenyeji, na zilizokuja kupewa nafasi katika redio ya taifa la Zambia ni saba: Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kikaonde, Kilunda na Kiluvale. Kinyiha hakimo, na Kinyamwanga, kinachozungumzwa Tunduma na Nakonde kwa pamoja, hakimo.

Maana yake ni kwamba katika miaka ambayo redio ilikuwa ndiyo chombo kikuu cha sauti, mtu wa huku alikuwa na vituo viwili vya taifa vya kusikiliza, kimoja kila upande wa mpaka, na hakuna hata kimoja kilichomsomea habari kwa lugha ya mama yake. Mjadala wa choo na kisima kwa Kinyiha cha mwaka 1973 hauwezi kupatikana Dar es Salaam wala Lusaka. Ulikuwa Vwawa, ndani ya mkebe wa bati, na ulikuwa njiani kwenda kupamba ukumbi wa starehe.

Wajukuu wa nyumba ile wanazungumza Kiswahili. Kinyiha wanakielewa nusunusu, na vitukuu hawakielewi kabisa. Walipoisikiliza kanda, ilibidi shangazi yao awatafsirie maneno ya babu yao wenyewe.

MNA 7

Mashine ilirudishwa Vwawa mwishoni mwa juma moja, na familia ikakusanyika sebuleni. Bibi ana zaidi ya miaka 80 na masikio yake yamepungua nguvu. Walimkalisha karibu na spika, upande wa sikio lililo bora.

Usikivu unaopungua kwa uzee haupungui wote kwa pamoja. Sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea: milio ya ndege, kengele ya simu, herufi kama s na f, sauti za watoto. Sauti nzito hubaki kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo sababu bibi au babu anaweza kumsikia mwanawe wa kiume anapoongea kutoka mlangoni, lakini asimsikie mjukuu aliye mbele yake, na nyumba nzima ikadhani anachagua wa kumsikia.

MNA 7 ilipofika katikati, watu wote sebuleni walisikia mtoto mchanga akilia. Bibi hakugeuka. Alikuwa anamsikiliza mumewe akieleza habari za kikohozi kisichopona.

"Bibi, kuna mtoto analia," mjukuu alimwambia, akimwinamia sikioni.

"Wapi?"

"Humu kwenye kanda."

Bibi alitaka kujua ni kanda ya ngapi. Akasomewa. Akauliza kama mahindi yalikuwa yameshavunwa. Shangazi akasikiliza tena mazungumzo ya kwenye kanda, akamwambia wanazungumzia kupukuchua. Bibi akahesabu kwa vidole. Kisha akataja jina ambalo wajukuu hawakuwahi kulisikia. Alikuwa mtoto wake wa nne. Alifariki kwa surua mwaka uliofuata, kabla hajaanza kusema vizuri. Hakuna picha yake. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975, na kabla ya hapo surua ilipita kwenye nyumba za Mbozi kama ilivyopita kwingine, ikiondoka na watoto.

Kwenye kanda, kilio kinaendelea kwa dakika kadhaa. Halafu mwanamke kijana anasikika akinong'ona, mlango unafungwa, na babu anaendelea na somo. Mwanamke yule ni bibi, akiwa na umri wa mjukuu wake wa leo.

Hakuusikia mlio wa mtoto siku hiyo. Fundi alishauri wamwekee spika za masikioni na waongeze sauti nyembamba kwa programu ya simu. Walifanya hivyo Jumapili iliyofuata. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akavua spika, akamwomba shangazi aende akaangalie kama maharage hayajaungua.

Kilichoamuliwa

Mnunuzi alipopiga simu aliambiwa asubiri. Godoro na sare vilinunuliwa kwa magunia mawili ya mahindi ambayo yalikuwa yahifadhiwe mpaka bei ipande. Ni hasara, na shangazi, ambaye ndiye mwenye hesabu za nyumba, hakuificha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Safari hii daftari lilikuwa kanda, na lilikuwa na gharama.

Kati ya kanda saba, nne zimeshahamishiwa kwenye simu na memori kadi. Mbili zilikuwa zimerekodiwa tena juu yake, zimejaa muziki wa dansi uliochukuliwa redioni. Babu naye alipungukiwa kanda. Ya saba imegandana na fundi amekataa kuilazimisha.

Haraka ya fundi na familia ina sababu. Mwaka 2019 Unesco na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, walitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku: mashine nzima zinapungua, vipuri havitengenezwi, na mwaka 2025 ulitajwa kama kipindi ambacho kuzisoma kungeanza kuwa kugumu sana. Kanda inaweza kuwa nzima na bado ikawa bubu kwa kukosa mashine.

Mzazi afanye nini

Kama nyumbani kwenu, au kwa wazazi wenu, kuna boksi la namna hii, iwe rili au kaseti, haya ndiyo ya kuzingatia:

Usichomeke mashine kwenye umeme kabla fundi hajaifungua. Vifaa vya ndani vilivyokaa miaka 40 vinaweza kupasuka au kuungua. Toa betri za zamani. Maji yake hula shaba na huunguza ngozi.

Nusa na uangalie kanda kwanza. Harufu ya siki ina maana plastiki imeanza kuoza. Itenge na nyingine na uipe kipaumbele. Ukiona unga mweupe au ukungu, vaa barakoa, ifungulie nje, na mtu mwenye pumu akae mbali.

Kanda ikilia kama mlango mkavu au ikikwama, simamisha. Usiirudishe nyuma kwa kasi. Iliyonata inahitaji mtaalamu.

Weka kanda mbali na sabufa, spika na sumaku yoyote. Weka pia mbali na moshi wa jiko na ukuta unaovuja wakati wa masika. Sehemu yenye ubaridi na ukavu ndiyo bora.

Ukihamishia kwenye simu au kompyuta, tumia waya kuliko kurekodi hewani, na hifadhi nakala zaidi ya moja: memori kadi nyumbani, nyingine kwa ndugu wa mji mwingine, na ya tatu mtandaoni. Andika nani anaongea, wapi, mwaka gani. Usitupe kanda yenyewe.

Na usisubiri kanda kama hamna. Simu iliyo mkononi mwako inarekodi vizuri kuliko mashine ya babu. Zima data, chagua chumba kisicho na redio, anza kwa kutaja tarehe, mahali na jina la mzungumzaji, na omba ruhusa. Dakika 20 baada ya chai ya asubuhi zinatosha kwa mzee. Mwache aseme kwa lugha yake. Ukiona anakujibu tofauti na ulichouliza, usimpigie kelele. Kaa mbele yake, punguza kasi, tumia sauti nzito, na mpeleke kituo cha afya akaangaliwe, maana wakati mwingine ni nta tu iliyoziba.

Jambo la mwisho ni la kadi ya kliniki. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na kurudiwa akiwa na miezi 18. Dozi ya pili ndiyo ambayo wazazi wengi huisahau, kwa kuwa mtoto ameshaanza kutembea na anaonekana ana nguvu.

Rafu ya juu

Mashine imerudi Tunduma kusubiri kazi ya ile kanda iliyogandana. Fundi ameulizia vipuri kwa mafundi wenzake wa Nakonde na Mbeya, na anasema hana haraka nayo, ingawa ndiyo kazi isiyomlipa kuliko zote zilizo mezani kwake. Jioni, malori yanapoanza kuwasha taa na maduka yanapopandisha muziki, yeye hupunguza wake, huwasha mashine bila kanda na kusikiliza kama mota inazunguka sawasawa.

Wateja bado wanauliza bei. Kwa sababu amechoka kujibu, amekata kipande cha boksi, akakiandika kwa kalamu nene na kukibandika mbele ya sanduku: MNA. SI YA KUUZA.

Vijana wakisoma humuuliza: mna nini?